Nani Aandikwe Mgonjwa?

Siku ya kwanza tulipokwenda kwa mshauri wa ndoa, Januari 2023, karatasi zote nilipewa mimi. Tuliketi kwenye kochi moja pale mapokezi, mimi na mume wangu, tukiwa bado tumevaa makoti mazito kwa baridi ya Minnesota, Marekani, na dada wa mapokezi akaja na fomu zilizobanwa kwenye kibao pamoja na kalamu, akanikabidhi mimi. Fomu mojawapo ilikuwa na maswali tisa: kwa wiki mbili zilizopita umekosa hamu ya mambo mara ngapi, umejiona huna thamani mara ngapi, unalalaje, unakulaje. Mume wangu alisubiri apewe yake. Alipoona haiji aliuliza kwa upole kama yeye hatakiwi kujaza chochote, akajibiwa kwamba mgonjwa aliyesajiliwa ni mmoja tu. Nikaendelea kujaza, naye akageuka kutazama samaki waliokuwa wakizunguka ndani ya tangi la kioo pembeni yetu.

Tuliingia katika matibabu yale tukiamini kwamba suala la bima ni suala la fedha tu: kila mmoja wetu anayo ya kazini kwake, basi tuangalie iliyo nafuu, tuitumie hiyo. Hesabu ya fedha tuliifanya vizuri. Jambo ambalo hatukulizungumza, na ambalo karibu livunje kile tulichokwenda kukijenga, ni kwamba bima ya afya ya Marekani haiwatambui wanandoa. Inamtambua mgonjwa, mmoja, mwenye jina, tarehe ya kuzaliwa na ugonjwa ulio na namba yake. Kwa hiyo anayeuliza bima ya nani itumike, anauliza pia ni nani kati yetu atakayekubali kuandikwa kwamba anaumwa. Kina dada kadhaa wa hapa wameshanipigia simu kuniuliza tulifanyaje, na kila mara naona nimewaeleza nusu tu. Hapa nitaeleza yote.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga na mume wangu ni wa Mombasa. Tulioana mwaka 2016, na tuna mtoto mmoja. Mimi nafanya kazi ya zamu za usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Yeye ni dereva wa lori la masafa marefu. Septemba 2022 mimba yangu iliharibika ikiwa na miezi mitano. Siku hiyo yeye alikuwa njiani, safari ya siku mbili mbali na nyumbani, na aliporejea alinikuta nimeshatoka hospitali. Hakulia mbele yangu, nami nikamhesabia kosa. Mimi niliacha kupika, niliacha kupokea simu za nyumbani, naye akanihesabia hilo. Kufikia Desemba tulikuwa tukizungumza habari za mtoto na kodi ya nyumba tu.

Wazee walijaribu. Mjomba wangu alipiga simu kutoka Tanga, wifi yangu akapiga kutoka Mombasa, na kwa haki yao nasema walitutakia heri. Kwetu mambo ya ndoa hupelekwa kwa watu kabla ya kupelekwa mahakamani. Hata Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka wanandoa wafike kwanza katika baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka. Ila wazee waliozoea kuwaketisha watu wawili ukumbini na kuwatazama nyusoni hawakuweza kutusaidia kwa simu, mmoja akizungumza kutoka jikoni na mwingine kutoka ndani ya lori. Mwenzangu wa kazini, Mliberia aliyepata kufiwa na mtoto, ndiye aliyenielekeza kwa washauri wa ndoa wenye leseni.

Bima zetu zilikuwa hivi. Yangu, ninayokatwa kwenye mshahara kila wiki mbili, ilikuwa ikilipia ziara za afya ya akili tangu ya kwanza, ili mradi mtaalamu awe miongoni mwa wale waliofunga mkataba na kampuni ya bima. Mimi nachangia dola 30 kila ziara, bima inamalizia. Yake ilikuwa ya aina nyingine: makato yake ya kila mwezi ni madogo, lakini bima hailipi kitu mpaka mwenyewe atumie dola 3,000 za mfukoni ndani ya mwaka, isipokuwa kwa uchunguzi wa kinga. Pamoja nayo alikuwa na akaunti ya akiba ya afya, ambayo fedha zake hazikatwi kodi zikitumika kwa matibabu. Mshauri tuliyempata alikuwa katika orodha ya bima zote mbili, na alitoza dola 165 kwa dakika 50. Ukitazama kwa haraka hapakuwa na la kujadili: dola 30 kwa kadi yangu, au dola 165 kwa kadi yake.

Nilidhani pia kwamba bima mbili zinaweza kugawana gharama, nikauliza kwa simu, nikaeleweshwa kwamba haiwi hivyo. Bima mbili hushirikiana pale mtu mmoja anapokuwa amesajiliwa kwenye zote mbili, ambapo moja hulipa kwanza na nyingine hufuata. Mimi sikuwa kwenye ya mume wangu, wala yeye hakuwa kwenye yangu. Mshauri hawezi kuidai bima yangu nusu saa na bima yake nusu saa kwa sababu tu tuliketi wawili. Kikao ni kimoja, mgonjwa ni mmoja, na madai ni mamoja. Namba inayoandikwa kwenye madai hayo ni 90847, ambayo maana yake ni tiba ya familia mgonjwa akiwepo. Ipo na 90846, ya familia mgonjwa asipokuwepo. Namba ya tiba ya watu wawili wenye hali sawa, ambao hakuna kati yao aliye mgonjwa, sikuiona mahali popote katika makaratasi niliyopitia.

Mume wangu alikuwa na sababu nyingine ya kukataa kuandikwa, na ilikuwa ya msingi. Dereva wa lori hapa lazima awe na cheti cha afya cha serikali kuu, ambacho muda wake hauzidi miezi 24, na kila anapokwenda kukihuisha hujaza fomu inayomuuliza, pamoja na mambo ya moyo, kisukari na macho, kama amewahi kuwa na wasiwasi, sonona au matatizo mengine ya akili. Kujibu ndiyo hakumnyimi mtu cheti papo hapo. Daktari anayempima ndiye anayeamua kama hali hiyo inaweza kuhatarisha uendeshaji wake. Hata hivyo madereva wengi wanaiogopa fomu hiyo kuliko wanavyoogopa barafu, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Aliniambia kwa simu, mimi nikiwa ndani ya gari katika maegesho ya kazini, imebaki dakika moja niingie zamu: "Wewe tumia yako, mama. Mimi nikiandikwa, tutakula nini?" Nikamjibu sawa. Jambo lililohitaji usiku mzima wa mazungumzo tulilimaliza kwa dakika hiyo moja.

Vikao vilianza, na vilitusaidia, nisije nikaonekana navilaumu. Tatizo la kwanza lilikuja kwa posta mwishoni mwa Februari. Zilikuwa barua nne kutoka kampuni ya bima, kila moja na mstari ule wa juu unaosema kwamba hii si ankara, na kila moja ikieleza kwamba huduma hii hailipiwi. Vikao vinne, dola 660. Nilipofuatilia nikakuta karani wa madai katika ofisi ya mshauri ameweka mbele namba Z63.0, ambayo katika kitabu cha magonjwa ni ya matatizo katika uhusiano na mume au mke. Bima nyingi hazilipii namba hiyo ikisimama kama sababu kuu ya matibabu, kwa kuwa kwao ugomvi wa ndoa si ugonjwa. Marekani ina sheria ya mwaka 2008 inayozuia bima kuweka masharti mazito zaidi kwenye matibabu ya akili kuliko inayoweka kwenye matibabu ya mwili, lakini sheria hiyo haigeuzi ndoa yenye matatizo kuwa maradhi.

Hapo nilijifunza jambo ambalo ningependa kila mtu alijue kabla hajaanza. Nilimwomba mshauri abadilishe namba ili madai yapite, nikiomba kama mtu anavyoomba apunguziwe bei sokoni. Alinijibu bila ukali wowote kwamba hawezi kuandika ugonjwa ili bima ilipe. Kufanya hivyo ni udanganyifu, na kungemtia matatani yeye na mimi. Anachoweza ni kuandika lililo kweli. Na lililo kweli, kwa majibu yangu ya maswali yale tisa na kwa maongezi ya siku ya kwanza, ni kwamba nilikuwa na sonona, alikuwa ameshaiandika tangu siku hiyo katika jalada langu, na kumleta mume wangu katika vikao ilikuwa sehemu ya kuitibu. Karani ndiye aliyetanguliza namba ya matatizo ya ndoa, iliyopaswa kuwa ya pili, akaifanya ya kwanza. Madai yalisahihishwa, yakapelekwa upya, na mwishowe bima ikalipa. Kama isingelipa, nilikuwa na siku 180 za kukata rufaa kuanzia siku niliyopata taarifa ya kukataliwa, na nilikuwa nimekwisha kuziweka barua zote katika bahasha moja tayari kwa kazi hiyo.

Kwa upande wa fedha nilifurahi. Ila sasa karatasi zilikuwa zinasema wazi kwamba mgonjwa ni mimi, na zilikuwa zinafika nyumbani kila baada ya wiki, katika sanduku moja la barua tunalolifungua sote wawili.

Tukagombana usiku mmoja wa Machi. Hata chanzo chake sikikumbuki vizuri, nadhani ni fedha za kutuma nyumbani. Nilimwambia kwamba hajabadilika hata kidogo tangu tuanze kwenda kule. Akanijibu, bila kupandisha sauti: "Aliyepelekwa kutibiwa si mimi. Hata bima yako inajua mgonjwa ni nani."

Sikulia wala sikujibu. Nilichukua koti nikaenda kazini saa mbili kabla ya zamu, nikaketi ndani ya gari na injini ikiunguruma kwa ajili ya joto. Niliyabeba maandishi yale ili kumkinga yeye na kazi yake, na mkate wa nyumba nzima, naye ameyashika na kunipiga nayo. Maneno mengi mabaya tumepata kuambiana mimi na yeye, lakini lile ndilo pekee lililonifanya nifikirie kurudi Tanga na mwanangu.

Nililipeleka kikaoni, na hapo ndipo nilipomthamini mshauri yule. Hakumkemea mume wangu. Aliniuliza kama ninayo barua mojawapo ya bima, na ninayo, ilikuwa mkobani. Akamwomba mume wangu aisome kwa sauti, taratibu, kila mstari. Akasoma: jina la mgonjwa, langu. Jina la mwanachama, langu. Mtoa huduma, jina la mshauri. Huduma, tiba ya familia mgonjwa akiwepo. Kiasi kilichotozwa, kilicholipwa, anachodaiwa mgonjwa. Alipofika mwisho akaigeuza karatasi nyuma, akairudisha mbele, akauliza, "Na mimi niko wapi?"

Hayumo. Kwa vikao tisa alikuwa akipanga safari zake ili awe mjini siku ya Alhamisi, mara mbili alikataa mizigo yenye malipo mazuri, alikuwa ameketi kochi lilelile na kusema mambo ambayo hajawahi kuyasema kwa mtu, na hakuna karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba alifika. Akasema polepole kwamba tangu siku ya kwanza, alipoona fomu hazimfikii, alijihisi kama mtu aliyemsindikiza mkewe hospitali, na hata mtoto wetu tuliyempoteza alimpoteza vilevile, akiwa nje ya chumba, akiambiwa na watu. Alikuwa akilia. Mimi niliumizwa na jina langu kuwamo, yeye akaumizwa na jina lake kutokuwamo, na sote wawili tulikuwa tumeumizwa na karatasi ileile. Aliniomba radhi siku hiyo, na aliniomba tena tulipofika nyumbani, peke yetu.

Baada ya hapo tulipanga upya namna ya kulipa, safari hii tukiwa tumeketi mezani na vitabu vyote viwili vya bima. Ukurasa wa mwisho kabisa wa kitabu cha kazini kwake ulikuwa na kitu ambacho hatukuwahi kukisoma: mpango wa msaada kwa wafanyakazi, unaotoa vikao sita vya ushauri bila malipo kwa mfanyakazi na watu wa nyumbani mwake, bila kuandika ugonjwa wowote na bila kupeleka madai kwa bima. Hofu yake ilikuwa kwamba mwajiri atajua. Alipopiga simu alielezwa kwamba mwajiri hupewa idadi ya waliotumia, hapewi majina, na hilo akaomba alitumiwe kwa maandishi, akatumiwa. Kwa bahati mshauri wetu alikuwa katika orodha ya mpango huo pia. Nikiulizwa leo pa kuanzia, husema anzeni hapo, kwa sababu vikao vile sita ni vya watu wawili kweli, na vinawapa muda wa kujua kama kuna anayeumwa au hakuna, kabla hamjaandika jina la mtu popote.

Vilipokwisha, mwezi wa Julai, tuligawa mambo mawili yaliyokuwa yamechanganywa. Sonona yangu ilikuwa ya kweli na ilihitaji kutibiwa, basi nilianza kuonana na mtaalamu mwingine peke yangu, kwa bima yangu, kwa dola zangu 30. Vikao vya ndoa tukavitoa kabisa nje ya bima. Tulitia saini karatasi ya kukubali kwamba huduma hiyo haitapelekwa kwa kampuni yoyote, mshauri akatupunguzia hadi dola 110 kulingana na kipato chetu, na akatupa makadirio ya gharama kwa maandishi, kama sheria inavyomtaka tangu tarehe 1 Januari 2022 kwa mtu anayejilipia mwenyewe. Makadirio hayo yanafaa kutunzwa: ankara ikiyazidi kwa dola 400 au zaidi, mteja anaweza kuipinga rasmi. Tulikwenda kila baada ya wiki mbili hadi Desemba, mara 12, dola 1,320. Kwa kadi yangu zingekuwa dola 360. Tofauti hiyo si ndogo kwa watu wa kipato chetu, na sitamwambia mtu kwamba ni lazima afanye hivyo. Yupo ambaye dola 30 ndizo zitakazomwezesha kwenda au asiende kabisa, na huyo atumie bima yake bila aibu. Kwetu ilikuwa bei ya kuketi tena pale bila mmoja wetu kuwa ndiye mwenye jalada. Mume wangu alisema atalipa yeye vyote 12, na alilipa.

Alitaka kulipa kwa ile akaunti yake ya akiba ya afya, tukakuta haifai. Fedha zile ni za kutibu ugonjwa, na vikao ambavyo kwa makusudi hatukuandika ugonjwa haviingii humo. Aliye chini ya miaka 65 akizitoa kwa jambo lisilo matibabu hulipa kodi pamoja na adhabu ya asilimia 20. Karatasi iliyokuwa imetuachia amani kwa upande mmoja ikatufungia mlango kwa upande mwingine, basi zikatoka kwenye mshahara.

Liko na jambo dogo la leseni, ambalo wenye kazi za safari watalihitaji. Siku moja ya Agosti mume wangu alichelewa kurudi, akaomba ajiunge kwa video kutoka kituo cha malori kilichoko Fargo. Swali la kwanza la mshauri lilikuwa, "Uko wapi hivi sasa?" Aliposikia North Dakota, jimbo la jirani, alisitisha kikao, kwa kuwa leseni yake ni ya Minnesota, na panapohesabiwa ni pale alipo mteja, si pale ilipo ofisi. Tulilipa dola 75 za kuahirisha bila taarifa ya siku moja. Gharama ya namna hiyo hata bima nzuri hailipi.

Novemba, wakati wa kuchagua bima za mwaka unaofuata, shemeji yangu aliyeko Texas alitushauri tuhamie sote kwenye kadi moja ili mambo yawe rahisi. Tulipiga hesabu. Kazini kwangu mke au mume mwenye uwezo wa kupata bima ya mwajiri wake hutozwa nyongeza ya dola 100 kwa mwezi akiletwa kwenye bima ya mwenziwe, yaani dola 1,200 kwa mwaka kabla hata hajaugua. Lakini hata nyongeza hiyo isingekuwapo, kadi moja isingetuondolea tatizo lile lililotuumiza. Wanandoa walio kwenye bima moja hukutana na fomu zilezile, na mmoja wao ndiye atakayejazwa. Tukabaki kila mtu na yake.

Kinachonisumbua ninapozungumza na kina dada hawa ni kwamba mara nyingi anayekubali kuandikwa ni mwanamke, na anakubali upesi, kama nilivyokubali mimi. Anasema mume wangu hatakubali kwenda kama ataandikwa, basi bora niandikwe mimi twende. Namwelewa. Namsihi tu asilimalize kwa simu, dakika moja kabla ya zamu. Amwambie mwenziwe kabla ya kikao cha kwanza: jina langu litaandikwa, sababu yake ni hii, na maandishi hayo hayatatajwa kamwe kwenye ugomvi wetu. Ampigie na mtu wa bima, amuulize kama namba 90847 inalipiwa, kwa sharti la ugonjwa gani, na kama inahitaji kibali cha awali. Aandike tarehe na jina la aliyemjibu. Na amuulize mshauri jalada litakuwa la nani, kwa sababu jalada la mgonjwa ni la mgonjwa, na mwenziwe aliyeketi pembeni mwaka mzima anaweza asiwe na haki ya kuliona bila saini ya mgonjwa. Sisi hatukuuliza hata moja kati ya hayo.

Februari 2024 lori la mume wangu liliteleza kwenye barabara kuu ya 94, likageuka kukabili lilikotoka. Hakuna aliyeumia. Baada ya siku hiyo alianza kuamka usiku, na mara mbili alisimamisha lori kando ya njia kwa sababu mikono ilikuwa ikitetemeka. Mwezi wa Aprili aliniambia, mwenyewe, tukiwa jikoni, kwamba anataka kuonana na mtu peke yake, na kwa jina lake. Nilimuuliza kuhusu cheti cha afya. Alisema ameshalifikiria, na kwamba mtu ambaye mikono inamtetemeka kwenye usukani hana haki ya kuficha.

Alipokwenda kuhuisha cheti mwezi Mei, alijibu ndiyo kwenye swali lile, akapeleka barua ya mtaalamu wake inayoeleza hali yake na matibabu anayopata. Daktari aliyempima alimuuliza maswali kwa muda mrefu, akampa cheti cha mwaka mmoja badala ya miwili. Yuko barabarani.

Barua ya kwanza ya bima yenye jina lake kama mgonjwa ilifika wiki hizohizo. Aliifungua akiwa amesimama, akaisoma hadi mwisho, kisha akaiweka mezani karibu na kopo la sukari, mahali ambapo zangu hukaa. Kwa kuwa alikuwa hajamaliza zile dola 3,000 za mwaka, alidaiwa zote 165. Alizilipa kutoka kwenye akaunti yake ya akiba ya afya, kwa kuwa safari hii palikuwa na ugonjwa ulioandikwa, na ulikuwa wake.